Safari ya treni Ujerumani na matineja: jedwali langu lilikosea wapi

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Leo hakuna msimbo wala habari za seva, leo nataka kubishana kuhusu ratiba. Mtu akisoma sayansi ya kompyuta, jamaa zake huamini kwamba anaweza kutengeneza printa, kufungua simu ambayo nenosiri lake limesahaulika, na kupanga safari. Hilo la mwisho nililiamini hata mimi.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Nürnberg, kusini mwa Ujerumani. Aliondoka Kenya mwaka 2022, akawaacha watoto wake wawili kwa nyanya yao Nakuru. Mwaka 2025 msichana alikuwa na miaka 16 na mdogo wake wa kiume 14, na hatimaye ikawezekana waende kumwona katika likizo ya Agosti, mimi nikiwasindikiza. Kazini dada alipata likizo ya siku kumi. Akaniambia kwa simu: "Wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Tupangie safari ya treni, watoto waone miji. Lakini isiwe ya mbio."

Nilisikia maneno yote isipokuwa yale ya mwisho.

Usiku ule ule nikafungua Excel. Hamburg, Berlin, Leipzig, Dresden, München, Heidelberg, Köln. Siku kumi, miji saba, kubadilisha treni mara kumi na moja, na jumla ya saa 27 ndani ya mabehewa. Nikapaka rangi: kijani treni, manjano hoteli, bluu makumbusho. Kazi ilikuwa safi jamani! Nikamtumia dada, nikangoja pongezi.

Alipiga simu kesho yake baada ya zamu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Kwa hii ratiba yako, mimi nitaongea na watoto wangu saa ngapi?"

Nikasema, kwenye treni.

"Treni ya saa kumi na mbili asubuhi? Na huyu kijana wangu asiyeamka bila kumwagiwa maji? Ndugu yangu, hii ni ratiba ya waziri anayefanya kampeni."

Nilikasirika kidogo, nikiri tu. Lakini nikarudi kwenye jedwali na kulitazama kama ninavyotazama programu ya mtu mwingine, na nikaona hitilafu haikuwa kwenye hesabu. Ilikuwa kwenye swali.

Mnaijua habari ya Edsger Dijkstra? Ni yule Mholanzi ambaye kazi yake iko chini ya programu nyingi zinazotutafutia njia. Mwaka 1956 alikuwa Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akabuni algoriti, yaani hatua za kufuatwa na kompyuta, ya kupata njia fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mfano wake ulikuwa Rotterdam hadi Groningen. Aliichapisha mwaka 1959. Programu za ratiba za leo zimeongeza mengi juu ya hapo: zinalinganisha saa ya kufika na idadi ya mara za kubadilisha treni, kisha zinakuonyesha zile safari tu ambazo hakuna nyingine inayozishinda kwa yote mawili. Ni kazi nzuri sana. Ila zinajibu swali la kufika. Ukiwa na watoto ambao hawajakaa na mama yao kwa miaka mitatu, kufika Dresden mapema kuna faida gani?

Halafu kuna suala la takwimu, na hapa ndipo jedwali langu lilipokufa kabisa. Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, hutangaza lenyewe takwimu za kuchelewa. Mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na "kwa wakati" maana yake ni kuchelewa chini ya dakika sita. Treni iliyofutwa kabisa haiingii kwenye hesabu hiyo. Zile za mikoani, za mwendo wa polepole, zilikuwa karibu asilimia 90. Sababu zinajulikana: reli nyingi ni kuukuu na zimejaa kupita kiasi, ndiyo maana wameanza kuzifunga moja moja kwa ukarabati mkubwa, kama ile ya Frankfurt hadi Mannheim iliyofungwa kuanzia Julai hadi Desemba 2024.

Sasa hebu fikiria siku yenye treni tatu za masafa marefu. Tuchukulie kuchelewa kwa moja hakuhusiani na nyingine (si kweli kabisa, lakini twende hivyo). 0.625 × 0.625 × 0.625 ni kama 0.24. Siku moja tu kati ya nne ndiyo treni zote tatu zitafika kwa wakati. Na jedwali langu lilikuwa na viungo kumi na moja, kila kimoja kikining'inia kwenye kilichotangulia, pamoja na hoteli zilizolipiwa zisizorudisha pesa. Ukileta mfumo wa namna hiyo kazini, mkubwa wako atakuuliza kama nyumbani wote hawajambo.

Basi nikaufuta wote. Mpango mpya ulikuwa na kanuni moja: tunalala Nürnberg kwa dada siku zote, na hatuendi mahali palipo mbali zaidi ya saa moja na nusu kwa treni ya polepole. Siku moja tunatoka, siku inayofuata haina kitu. Siyo "haina kitu ila makumbusho". Haina kitu.

Tiketi yenyewe ilitusaidia kubadili fikra. Tangu Mei 2023 Ujerumani ina tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket. Ilianza kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58, na kuanzia Januari 2026 ni 63. Ukiwa nayo unapanda treni za mikoa, tramu, mabasi ya mjini na treni za chini ya ardhi nchi nzima, ila si treni za kasi kama ICE. Watu wengi huiona hiyo "ila" kama kasoro. Kwangu ilikuwa ndiyo sifa yake kuu, kwa sababu ilitufungia nje ya Hamburg. Dada tayari alikuwa nayo, sisi watatu tukanunua zetu kwa euro 174 jumla, na kuanzia hapo kila asubuhi swali halikuwa tena "tumelipia nini?" bali "leo tunajisikiaje?" Tofauti ni kubwa mno. Ukishalipia treni maalumu ya saa fulani, tineja aliyenuna huwa hasara ya pesa. Kama hujalipia, ni tineja aliyenuna tu, unamwacha alale.

Lakini angalieni umri kwa makini, maana masharti haya ni kama msimbo ulioandikwa na watu wawili wasiosalimiana. Kwenye ICE, mtoto wa hadi miaka 14 husafiri bure akiwa na mkubwa wake, ilimradi ameandikwa kwenye tiketi. Akifika 15 analipa kama mtu mzima. Kwenye Deutschlandticket, mtoto kuanzia miaka 6 lazima awe na yake. Kwa hiyo mpwa wangu mdogo alisafiri bure kwa treni ya kasi kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Nürnberg, halafu kesho yake akalipiwa euro 58 ili apande tramu.

Kama familia yenu itatoka mara mbili tatu tu, iko pia Bayern-Ticket ya siku moja, ambayo hubeba hadi watu watano kwenye treni za mikoa za jimbo la Bavaria. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Aliyeiweka saa hiyo bila shaka alikuwa na tineja nyumbani.

Jambo jingine ambalo mtu aliyezoea SGR yetu inabidi alisahau ni ule wasiwasi wa kufika mapema. Kwetu unafika stesheni saa moja kabla, mizigo inanuswa na mbwa, unapanga foleni, na ukikosa treni ya Mombasa siku yako imeharibika. Kule hakuna lango. Unaingia stesheni kama unavyoingia sokoni, unapanda, mkaguzi anakukuta ndani. Na treni nyingi za mikoa huondoka kwa dakika ile ile kila saa: kama moja ni saa nne na dakika tano, nyingine ni saa tano na dakika tano, na saa sita na dakika tano. Hii ndiyo teknolojia ninayoihusudu kuliko treni ya kilomita 300 kwa saa. Familia ikishajua dakika hiyo moja, haihitaji ratiba tena. Tulikosa treni ya kurudi kutoka Bamberg kwa sababu kijana alitaka aiskrimu ya pili. Tukangoja ijayo. Hakuna aliyepiga kelele, na mimi nilipata aiskrimu pia.

Kwa wale wanaolazimika kuunganisha treni: kwenye programu ya simu ya Deutsche Bahn kuna mahali pa kuongeza muda wa chini wa kubadilisha treni. Weka nusu saa. Programu itakuonyesha safari "mbaya" zaidi, na hizo ndizo nzuri.

Tukakubaliana pia kwamba kila mtu atakuwa na siku yake, na wengine watamfuata bila kunung'unika. Siku yangu nilichagua makumbusho ya reli ya Nürnberg. Treni ya kwanza ya mvuke ya abiria Ujerumani ilitoka Nürnberg kwenda Fürth, kilomita sita hivi, tarehe 7 Desemba 1835, ikivutwa na injini iitwayo Adler iliyotengenezwa Uingereza kwenye karakana ya Stephenson. Nilikuwa na mengi ya kueleza. Baada ya dakika arobaini nilikuwa naeleza peke yangu.

Dada alichagua Würzburg, saa moja na dakika chache kwa treni. Watalii huenda kule kuona kasri la maaskofu. Yeye, muuguzi, alitaka kuona maabara ambamo Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895. Alipata tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia mwaka 1901, na hakutaka kuchukua hataza ya ugunduzi wake, akisema ni wa watu wote. (Ninyi wa programu huria, mmesikia?) Dada alisimama pale akiwaeleza watoto namna anavyowageuza wagonjwa wazee ili wapigwe picha bila kuumia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza wajue hasa anafanya nini kutwa nzima.

Kijana, ambaye tulihofia hatachagua chochote, akachagua treni ya chini ya ardhi. Si kwenda popote. Kuipanda tu! Alikuwa amesoma kwamba Nürnberg mwaka 2008 ilifungua laini ya U3, ya kwanza Ujerumani isiyo na dereva, na kwamba kwa muda fulani treni zisizo na dereva zilipita kwenye reli zile zile na zenye dereva, hadi U2 nayo ikakamilika kuwa ya kompyuta mwaka 2010. Kwa sababu hakuna chumba cha dereva, abiria anaweza kuketi mbele kabisa na kutazama handaki. Alikaa pale saa mbili nzima, kutoka mwisho hadi mwisho, mara nne. Maswali aliyoniuliza! Treni inajuaje nyingine iko wapi? Mtu akianguka relini? Mtandao ukikatika? Nimefanya usaili wa kazi uliokuwa mwepesi kuliko ule. Kwenye jedwali langu la Excel U3 haikuwepo popote, maana si kivutio.

Najua kuna mtakaosema: nauli ya ndege kutoka Nairobi ni ghali, visa ya Schengen ni euro 90 kwa kila mtu wa miaka 12 na zaidi tangu Juni 2024, huenda hawa watoto hawatarudi tena, halafu unakwenda Ujerumani huoni hata Berlin? Ni hoja nzito, siidharau. Ndiyo iliyonifanya nipange miji saba. Ukitoka nchi ambayo visa hupatikana kwa jasho, unataka kila euro izae mji. Kama Berlin ni ndoto ya mtoto, mpelekeni. Ni saa tatu hivi kwa ICE kutoka Nürnberg, laleni huko siku mbili, mrudi. Lakini iwe ndoto ya mtoto, isiwe orodha ya mjomba. Mimi niliwauliza wapwa zangu baadaye kama walisikitika kuikosa. Kijana aliuliza kama ina treni zisizo na dereva.

Imebaki siku ya msichana. Alichagua Herzogenaurach. Nilidhani ni kwa ajili ya raba, maana mji ule mdogo ndio makao ya Adidas na Puma, kampuni za ndugu wawili wa ukoo wa Dassler waliokosana. Rudolf alianzisha Puma mwaka 1948 na Adi akasajili Adidas 1949. Yako maduka ya bei nafuu pale, na kaka mtu alikuwa ameshaandaa orodha. Msichana akasema, "Mjomba, ni pale Agnes Tirop alipokimbia."

Nilikuwa nimesahau. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Herzogenaurach, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mpwa wangu alikuwa na miaka 12 wakati huo, na ndiyo kwanza ameanza kukimbia shuleni.

Treni ya abiria haifiki Herzogenaurach. Unakwenda Erlangen, dakika ishirini hivi, kisha unapanda basi. Tuliposhuka Erlangen basi lilikuwa limeondoka mbele ya macho yetu, na lililofuata lilikuwa baada ya dakika ishirini. Tukaketi kituoni. Dada akamuuliza binti yake, hivi hivi tu, mashindano ya shule yanaendeleaje.

"Niliacha tangu Januari."

Akaulizwa kwa nini. Akasema mazoezi yalihamishiwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi ndiyo saa ambayo mama hupiga simu ya video. Akasema kama si jambo kubwa, huku akitazama barabara.

Dada alikuwa amechagua Jumamosi kwa sababu alidhani ndiyo siku watoto hawana shughuli. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, mimi nikiwa mmoja wao, na mimi niko Nairobi, mwendo wa saa tatu tu kutoka Nakuru! Hawakusema mengi zaidi. Dada alitoa simu, akafungua orodha ya zamu zake, wakaanza kuhesabu pamoja ni Jumapili zipi yuko huru jioni. Basi lilipofika walikuwa bado wanahesabu, ikabidi niwaite.

Kwenye mpango wa miji saba, muda wa kungoja namna ile ulikuwa na rangi yake. Nyekundu. Nilikuwa nimeupunguza hadi kufikia dakika nane kwa kila kituo, na nilijivunia.

Siku hizi simu hupigwa Jumapili saa moja usiku, na Jumamosi msichana yuko uwanjani. Agosti ijayo wanataka kwenda tena. Sijaombwa ratiba, kijana ndiye anayepanga, na mpaka sasa ameandika mstari mmoja.

Na kama mtanunua ile tiketi ya mwezi, kumbukeni kwamba hujirudia yenyewe msipoifuta kufikia tarehe 10 ya mwezi huo. Mimi nilikumbuka za watoto nikasahau yangu. Septemba nzima nilikuwa nimekwama Thika Road ndani ya matatu, nikiwa na tiketi halali ya treni zote za mikoa za Ujerumani.